Tuwasikilize Wanafunzi wa Afya

Wanafunzi wa udaktari na uuguzi tuliozungumza nao hivi karibuni wana neno ambalo wakuu wa afya na elimu Visiwani hawana budi kulisikia. Wanasema tiba ya utengamao, yaani ile ya kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kwenda, kusema na kujifanyia shughuli zake, huguswa juu juu katika masomo yao, tena darasani tu. Wengine wao wanaona hakuna ubaya: masomo yamekwisha kuwa mengi, na kazi hiyo ni ya wataalamu wa fiziotherapia.

Kwamba masomo ni mengi, twakubali. Hilo la pili hatulikubali hata kidogo. Mgonjwa wa kiharusi hupokewa kwanza na daktari na muuguzi. Muuguzi asipomgeuza kila baada ya saa chache, mgongo huota vidonda. Daktari asipomwelekeza mapema kwenye mazoezi, mkono hukakamaa, na mtaalamu akija kuitwa, wakati umekwisha kupita.

Wananchi wa Pemba hawahitaji kuelezwa haya. Kila msimu wa karafuu hawakosekani wachumaji wanaoanguka mikarafuuni, na aumiaye uti wa mgongo huweza kupooza miguu akiwa bado kijana. Hospitali humwokoa roho yake, naye hurudishwa shehiani kwake. Baada ya hapo? Mkewe au mamaye ndiye awaye muuguzi, bila ya kuonyeshwa hata namna ya kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, ikiwa kiti chenyewe kipo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu bilioni 2.4 ulimwenguni wana hali ambazo utengamao ungewafaa, na mwezi wa Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziuingize katika huduma za afya za kila ngazi. Afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo utekelezaji hapa kwetu ni wa Wizara yetu wenyewe, na hapana wa kumsukumia.

Wala ujuzi hauko mbali. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981. Wanafunzi wetu wakipelekwa huko japo kwa majuma machache, nauli haitakuwa hasara.

Mmoja wao alituambia kwamba somo lisilotahiniwa halisomwi. Basi na litahiniwe, tena wodini, mbele ya mgonjwa. Tungependa Wizara zinazohusika zikae na walimu kabla mtaala ujao haujapitishwa, na wanafunzi wawili watatu, mmoja wao akiwa ametoka Pemba, waitwe katika kikao hicho.