Simu na Kompyuta: Nyumba Moja au Majirani?



Msimu wa ufuta ulipopamba moto, niliketi nusu siku katika ofisi ya chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Ruangwa. Nje wakulima walikuwa wamepanga magunia wakingoja mizani. Ndani, binti aliyemaliza kidato cha nne alikuwa akiingiza majina na uzito katika kompyuta. Simu ya mkononi ameijua tangu utotoni. Kompyuta ameikuta kazini. Mara mbili nilimwona akigusa kioo kwa kidole, kisha akajicheka na kukirudia kipanya.

Alasiri umeme ukakatika. Binti hakushtuka.

"Mjomba, si yamo humo humo?" alimwuliza katibu.

Hayakuwamo. Katika simu yake, analoandika aghalabu hujihifadhi lenyewe. Katika kompyuta ile kuukuu, sharti mtu aamuru lihifadhiwe. Kazi ya siku nzima ilipotea, na mkulima ambaye jina lake halimo katika orodha hana atakalodai baada ya mnada.

Nalisimulia jambo hili kwa kuwa ndani yake umo mjadala ambao umewashughulisha mafundi wa dunia kwa miaka mingi: je, simu na kompyuta zitumie mfumo endeshi mmoja? Mfumo endeshi, ndugu msomaji, ni programu mama iamkayo mashine inapowashwa, nayo huzisimamia programu nyingine zote.

Kampuni ya Microsoft ilijaribu. Oktoba 2012 ilitoa Windows 8, yenye vigae vikubwa vya kuguswa kwa kidole, na kile kitufe cha kuanzia kilichozoeleka tangu 1995 kikaondolewa. Makarani wenye vipanya vyao wakabaki wanapapasa. Malalamiko yakawa mengi, hata Oktoba 2013 kitufe kikarejeshwa. Mwaka huo huo Canonical, waundaji wa Ubuntu, walikuwa wakinadi simu ambayo ikiunganishwa na kioo kikubwa ingegeuka kompyuta. Aprili 2017 mwanzilishi wao, Mark Shuttleworth, akatangaza kuuacha mpango huo. Apple walisema jukwaani mwaka 2018 kwamba hawataiunganisha mifumo yao miwili. Hata hivyo, tangu 2020 kompyuta zao mpya zinaweza kuendesha programu nyingi zilizoundwa kwa ajili ya simu. Waliukana uchumba, lakini vyombo vya jikoni wanaazimana.

Nachingwea wanajua kidogo habari za chombo kimoja kulazimishwa kazi mbili. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulipungukiwa na matrekta. Basi vifaru vya Sherman vilivyosalia vitani vikageuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mpango ukavunjwa 1951. (Sisemi kwamba vifaru ndivyo vilivyouua, udongo na mvua navyo vilikuwa na neno lao.)

Kwa maoni yangu, mtumiaji haombi sura moja. Kidole ni kinene, nacho hakifai kuchagua tarakimu moja katika jedwali la safu thelathini. Na mkono unaonyoshwa mbele ya kioo kilichosimama huchoka upesi. Anachotarajia ni kwamba alichokiandika kitakuwapo, atakikuta kotekote, na mazoea aliyoyapata katika chombo kimoja hayatamsaliti katika kingine. Hapo ndipo waundaji walipokosea: waliunganisha sura, wakayaacha mazoea mbalimbali.

Wewe mzazi ambaye mwanao anatoka kwenye simu yako kwenda kuketi mbele ya kompyuta ya shule au ya kazini, usimwanzishe kwa michezo wala picha. Mwonyeshe kwanza kubonyeza Ctrl na S kwa pamoja, kila baada ya mistari michache, na mahali ambapo kazi yake imewekwa. Hayo hakuyajifunza popote, kwa sababu simu haikumtaka ayajue.

Jioni ile katibu alileta taa ya sola na bunda la nakala za risiti za mizani. Binti akawa anasoma, yeye anaandika kwa kalamu katika daftari la mistari. Nilipoaga, saa tatu usiku, walikuwa hawajafika nusu.