Fundi wa Mezani

Wahenga waliposema rahisi huvunja upishi, hawakuwa wamemwona shemeji yangu wa Thika akiwa na bisibisi mkononi.

Bwana huyu ni mfanyabiashara, na bastola anayo kwa leseni halali. Kifyatulio chake kilikuwa kimechakaa. Muuza silaha wa Nairobi aliyemwuzia kipya alimshauri amwachie fundi wa duka akitie. Kusikia ada ya fundi, shemeji akaguna, akatia kifyatulio mfukoni, akapanda gari.

Jumapili nilitoka kwangu Ruiru nikitazamia chapati. Nikakuta bastola katikati ya meza ya kulia, watoto wameizunguka kama jiko la mahindi ya kuchoma.

"Baba Njeri, hicho chuma hakina risasi?" dada yangu akauliza kutoka jikoni.

"Magazini nimeitoa kitambo."

"Na ile ya ndani, baba?" akasema mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari.

Shemeji akacheka, akavuta kifuniko cha juu ili amwonyeshe. Risasi ikaruka, ikagonga bakuli la sukari, ikabingirika hadi mbele ya kitinda mimba. Kimya! Magazini ikitoka, risasi moja yaweza kubaki ndani ya mtutu. Na kuna bastola ambazo huwezi kuzifungua bila kwanza kubonyeza kifyatulio. Piga hesabu mwenyewe, msomaji.

Dada akawafukuza watoto nje. Nilidhani mambo yameishia hapo, kumbe!

"Shemeji, si hapo Ruiru kwenu wanaunda bunduki nzima? Mimi nishindwe na kidude hiki?"

Ni kweli, kiwanda cha serikali cha silaha ndogo kilifunguliwa Ruiru mnamo Aprili 2021 na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Kiligharimu takriban shilingi bilioni 4, nacho kilijengwa kiweze kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Lakini sidhani huko wanaunganishia bunduki kando ya sukari.

Akagonga pini, akatoa cha zamani. Springi ndogo ikaruka chini ya kochi, tukaitafuta kwa tochi nusu saa nzima. Alipomaliza akabonyeza: ta! Akatabasamu. Akabonyeza tena, kifyatulio kikakwama nyuma, hakirudi.

Kifyatulio si kidude cha kuvuta tu. Kimeungana na kijino kinachozuia nyundo isigonge risasi. Kijino kisiposhika sawasawa, bastola yaweza kulia ikianguka tu sakafuni. Ndiyo maana Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka anayefanya biashara ya kurekebisha silaha awe amesajiliwa.

Jumatatu alirudi Nairobi kichwa chini. Fundi alifungua, akamwonyesha springi iliyotiwa kinyume na pini iliyokwaruzwa, akadai ada yake pamoja na bei ya pini mpya.

Jioni dada alimwuliza amelipa ngapi. Shemeji akaongeza sauti ya redio.