Moto Unaoikausha Chai Yetu



Chai tunayoimimina vikombeni kila asubuhi, iwe ya rangi au ya maziwa, haikuoteshwa hapa Pwani. Sehemu yake kubwa huteremka kutoka nyanda za juu, Kericho na Bomet zikiwemo, na kabla ya kutufikia imekwisha kupita penye moto. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Kilichosalia ni maji, na maji hayo hayaondoki ila kwa joto. Ndiyo maana viwanda kama Litein na Mogogosiek huwa na matanuri makubwa ya mvuke yanayokula kuni, nyingi zikiwa za mikaratusi.

Ili kuipumzisha misitu, imekuja rai ya kuchoma mabaki ya mashamba badala ya kuni: makapi ya miwa, maganda ya makadamia, mabua, yakishindiliwa hata yakawa mfano wa matofali. Huitwa nishati jadidifu, kwa hoja kwamba hewa ya ukaa itokayo motoni ndiyo ile ile mmea uliyoivuta ulipokuwa ukikua, na mmea wa mwakani utaivuta tena. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake.

Lakini hesabu ya hewa si hesabu ya udongo, na neno "taka" hutamkwa kwa wepesi mno. Makapi ya miwa yanayolundikana nje ya viwanda vya sukari kule Muhoroni ni ziada kwelikweli. Yakiachwa huoza, au hushika moto bila faida. Kuyatia tanurini ni bora. Mabua ya mahindi ya mama wa Bomet si hivyo. Hayo ni chakula cha ng'ombe wake wakati wa kiangazi, na yanayosazwa na ng'ombe huifunika ardhi ya mteremko isichukuliwe na mvua. Akiyauza, atapata shilingi leo, kisha atalazimika kununua malisho na mbolea kwa bei asiyoipanga yeye.

Matawi ya mchai nayo yana habari yake. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka 3 au 4 hivi, na wataalamu hushauri matawi yaachwe pale pale shambani yaoze. Yakichomwa, naitrojeni yake hupotea hewani. Basi majivu yarudishwe shambani, husema wengine. Kwa mboga, huenda yakafaa; kwa mchai, la. Mchai hupenda udongo wenye uchachu, na majivu huuondoa uchachu huo. Wakulima wa chai wa Afrika Mashariki wanalijua hili tangu zamani: mahali palipokuwa na kibanda cha kale chenye meko, michai hudumaa.

Hata hivyo hatuwezi kumlaumu mama anayebeba matawi hayo kwenda kupikia, ikiwa hana kuni nyingine za karibu. Tunalomwomba ni ayakaushe barabara. Kuni mbichi hutoa moshi mzito, na chembe zake huingia mapafuni mwa aliye karibu na jiko, naye mara nyingi ana mtoto mgongoni. Kiwanda kina bomba refu la kuutoa moshi. Jikoni kwake hakuna.

Waliotufundisha chuoni walitukataza israfu hata katika maji ya udhu, mtu akiwa ukingoni mwa mto. Kutia kuni mbichi tanurini ni israfu ya namna hiyo, kwani sehemu ya joto lake huishia kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe. Kuzianika bandani miezi kadhaa hupunguza miti inayokatwa, na hakuna shamba linaloporwa kwa hilo.

Viwanda vilivyo chini ya KTDA vinamilikiwa na wakulima wadogo wenyewe, kwa hisa. Wanaposikia kwamba kiwanda chao kimeanza kuchoma mabaki, wana haki ya kuuliza katika mkutano wao wa mwaka yametoka shamba la nani, na ng'ombe wa shamba hilo wanakula nini sasa.