Bahati ya mashine ina mbegu, tuwaonyeshe vijana

CHINI YA MLIMA
Na Muriuki Gachanja

Kwa fundi wa TV pale Gatitu kuna mashine ya gemu ya siku nyingi, ile nakala ya bei nafuu ya Nintendo yenye kanda za manjano. Jumamosi nilipopeleka redio yangu nilimkuta mvulana wa gredi ya nane ameketi mbele yake na daftari la hesabu mapajani. Alikuwa akicheza matofali yanayoanguka, lakini hakuwa na haja ya kushinda. Aliwasha, akahesabu kwa sauti hadi kumi na moja, akabonyeza, akaandika vipande vitatu vya kwanza, akazima. Jaribio la sita lilitoa vipande vilevile vya jaribio la pili, kwa mpangilio uleule. Akanigeuzia daftari. "Mzee, ona. Haichagui ovyo."

Amepata, na hakuna mwalimu aliyemwambia. Kompyuta haina kete. Gemu ya aina hiyo huanza na namba moja, ambayo mafundi wa programu huiita mbegu, kisha huikoroga kwa hesabu ileile mara 50 au 60 kila sekunde. Tunachokiita bahati ni pale tu hesabu ilipofika kidole kilipogusa kitufe. Mashine za zamani hazikuwa na saa ya ndani wala intaneti ya kubadilishia mbegu, kwa hiyo kila ukiwasha, hesabu inaanzia palepale.

Wanaoshindana kumaliza gemu hizo kwa muda mfupi kabisa, kule Marekani, Ulaya na Japani, wameligeuza jambo hili kuwa taaluma. Pokémon Emerald, iliyotoka Japani mwaka 2004, huanza na sifuri kila inapowashwa. Mchezaji huwasha gemu na saa kwa pamoja, hufuata milio, na akibonyeza wakati wenyewe humpata mnyama anayemtaka. Akichelewa hata sehemu moja ya sitini ya sekunde, anatokea mwingine.

Wapo watakaoliita jambo hilo udanganyifu. Mimi nakataa. Mchezaji huyo hajaigusa programu, ameisoma. Mwaka 1984 Michael Larson, Mmarekani, aligundua akiwa nyumbani kwamba taa za shindano la runinga la Press Your Luck zilifuata mifumo mitano tu. Akaikariri, akaenda studio, akaondoka na dola 110,237. Kituo kilichunguza, kikaona hakuvunja kanuni yoyote, kikamlipa. Mdanganyifu ni anayeibadilisha bahati yenyewe. Mwaka 2020 waamuzi wa mbio za kumaliza gemu ya Minecraft walipiga hesabu ya bahati ya mchezaji Dream, wakaona haiaminiki, wakaufuta muda wake. Mwaka uliofuata alikiri kwamba programu yake ilikuwa imeongezewa kitu.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu huku kwetu bahati ya mashine imeleta machozi. Nani amesahau mashine za kamari za Wachina zilizojaa kwenye maduka ya vijijini, zikimeza sarafu za shilingi 20, hadi serikali ilipozisaka na kuziharibu mwaka 2018? Zilitoweka, kamari ikahamia kwenye simu. Juzi, kwenye stendi ya Chaka, kijana wa bodaboda alinionyesha programu aliyouziwa shilingi 3,000 na mtu wa Telegram. Aliahidiwa itamwambia ndege ya Aviator, mchezo wa kamari wa kwenye simu, itaruka hadi wapi. Alikuwa amesikia, na ni kweli, kwamba namba za mashine zinaweza kutabiriwa. Hakuambiwa ni mashine zipi.

Kwenye Aviator, mbegu ya kampuni huchanganywa na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza wa raundi hiyo, na mchanganyiko huo hufunguliwa raundi ikishaisha. Hakuna cha kuhesabia hadi kumi na moja. Anayekuuzia utabiri anakuibia, basi. Na hata raundi ikiwa haina hila yoyote, mwenye mchezo amekwisha kukata fungu lake ndani ya hesabu yenyewe.

Kijana yule si mjinga. Ana akili ileile ya mtoto wa Gatitu, ila hakuna aliyewahi kumfungulia mashine akaona ndani. Tumewahubiria vijana miaka na miaka kwamba kamari ni dhambi, na wengi wametusikia wakaendelea kubeti. Tuwape hesabu. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kiko hapa hapa Nyeri na kinafundisha kompyuta. Naomba wanafunzi wake watoke Jumamosi moja kwa mwezi, waende Karatina, Othaya na Mweiga na mashine moja kuukuu na TV, waonyeshe mbegu ni nini, na kwa nini ile ya kwenye simu haichunguliki kabla ya raundi kwisha. Saa mbili zinatosha.

Kabla sijaondoka kwa fundi, mvulana aliniomba nimshikie saa ya simu ili yeye abaki na kitufe tu. Tulikaa hivyo hadi stima ikapotea. Daftari lake lilikuwa limebakiza kurasa tano. Jumamosi hii nampelekea lingine.