Shilingi ya Simba Ilikuwa Robo Fedha

Katika kuzunguka matawini tumeletewa mara nyingi swali moja. Mtu amekuta katika chenji ya sokoni, au katika kibweta cha bibi yake, sarafu nyeupe yenye simba aliyesimama mbele ya milima, imeandikwa mwaka 1922 au 1925 au 1946. Naye auliza: hii ni fedha au siyo? Wanunuzi wa vitu vya kale wana majibu mawili. Wakitaka kuinunua kwa mzee husema ni bati tu. Wakitaka kumwuzia kijana husema ni fedha tupu. Sisi tunasema yote mawili ni uongo, na ukweli wenyewe wafaa kujulikana na kila mwananchi, kwa kuwa ndani ya kipande kile kidogo imo habari ya jinsi tulivyotawaliwa.

Kwanza tazama mwaka. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyopigwa tangu 1921 hadi 1946 ina sehemu 250 za fedha katika kila sehemu 1,000, yaani robo. Robo tatu ni madini ya bei rahisi, hasa shaba. Ile iliyopigwa tangu 1948 haina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Simba ni yule yule, kwa hiyo simba asikudanganye. Geuza upande wa mfalme. George wa Sita katika shilingi za hadi 1946 anaitwa pia Kaisari wa India. Mwaka 1947 India ikajitawala, na katika shilingi za 1948 cheo hicho hakimo tena. Ndugu zetu wa India walikifuta hata katika sarafu iliyokuwa mifukoni mwetu!

Kama maandishi yamefutika, pima kwa maji. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya kupima hata sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu, uandike. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, ufunge sarafu kwa uzi mwembamba na kuizamisha bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa kwanza kwa uzito huu wa pili. Fedha safi hutoa 10.5, na shaba hutoa karibu 9. Rupia ya zamani, ambayo karibu yote ni fedha, hutoa kama 10.3. Shilingi ya simba haifiki hata 9.5. Sarafu iliyolika kwa kupita mikononi hupungua uzito, lakini hesabu hii haibadiliki. Wala usiikwangue kwa kisu, usiimwagie tindikali, usiisugue kwa mchanga. Ukiiharibu umeharibu ushahidi.

Sasa tuitazame hesabu ya wakubwa. Kabla ya shilingi watu wetu walitumia rupia, ya India kule Kenya na Uganda, ya Mjerumani hapa kwetu. Zote mbili zilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na fedha sehemu 917 katika 1,000. Yaani kila rupia ilikuwa na fedha safi karibu gramu 10.7. Mwaka 1919 Serikali ya Uingereza ikaunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 rupia ikapewa thamani ya shilingi mbili za Kiingereza. Ikaja florini yenye nusu fedha, na mara ikafuatwa na shilingi yenye robo. Shilingi hiyo ina uzito wa gramu 7.78. Basi shilingi mbili, zilizochukua mahali pa rupia moja, zilikuwa na fedha gramu 3.9 tu.

Watetezi wa ukoloni watasema kwamba baada ya Vita Kuu bei ya fedha ilipanda, hata Waingereza wenyewe wakapunguza fedha katika sarafu zao. Ni kweli. Mwaka 1920 sarafu ya Kiingereza ilitoka sehemu 925 ikawa 500. Lakini bei ile ilianguka kabla mwaka 1920 haujaisha, na shilingi yetu ya robo ilipigwa 1921. Tena linganisheni. Shilingi ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa na fedha gramu 2.8, na ya kwetu gramu 1.9, ingawa ya kwetu ilikuwa kubwa zaidi kwa macho na zote mbili zilihesabiwa kuwa sawa. Mtawala alijipimia nusu, sisi akatupimia robo, kisha akaifanya robo yetu iwe pana ili ionekane kubwa.

Na mabadiliko hayo hayakupita bila mtu kulipa. Walowezi wa Kenya walilalamika kwamba kuipandisha rupia kumewaongezea madeni. Mwaka 1921, bei za mazao yao zilipoanguka, wakaamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Harry Thuku na wenzake wakapinga. Thuku alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Wengine watatuuliza: je, shilingi yetu ya leo ina fedha? Haina, nasi hatulii. Kilo ya unga haijali sarafu imefanywa kwa madini gani. Pale madini yalipopungua, imani ya watu ndiyo iliyojaza pengo. Mkulima aliyepokea robo fedha kwa pamba yake alikuwa anamwamini mtoaji kwa zile robo tatu. Hapo ndipo ilipo dhuluma ya ukoloni. Yule aliyeaminiwa alikaa London, akaweka akiba yetu katika hati za mikopo za Waingereza, na hakuna mkulima wala kibarua aliyeulizwa. Ofisi ya Bodi ilihamia Nairobi mwaka 1960 tu, wakati wakoloni wanafunga mizigo. Sisi tukafungua Benki Kuu yetu Juni 14, 1966, na tangu siku hiyo aliyeaminiwa yuko karibu nasi, anaweza kuulizwa.

Kwa hiyo tunasema, haki hiyo ya kuuliza itumike. Sarafu isiyo na fedha ndani yake husimama kwa hesabu safi ya wale wanaoitunza, na mwananchi asiyeuliza hesabu amerudi kule kule kwenye robo ya mkoloni, hata kama picha iliyo juu ya sarafu sasa ni ya kiongozi wake mwenyewe.

Na kwa hizi sarafu za kale tunawaomba wanachama mambo matatu. Msiuze sarafu ya wazee kabla haijapimwa. Msinunue kitu kinachoitwa fedha tupu kwa neno la mdomo. Na katika kila tawi lenye shule jirani, mwalimu aombwe kufanya kipimo cha maji mbele ya watoto, rupia upande huu na shilingi ya simba upande huu, kisha awaandikie ubaoni gramu 10.7 na gramu 3.9. Watoto hao wakiisha kutoa hesabu hiyo kwa mikono yao wenyewe, hatutahitaji kuwahubiria sana juu ya ukoloni.