Shimizi ya Mandela, mashini ya Treichville

Wengi wetu tunakumbuka Mandela na zile shimizi zake za maua-maua, bila kravati, ata mbele ya wakubwa wa dunia. Kati ya mafundi ambao nguo zao alivaa kuko Pathé Ouédraogo, wanamuita Pathé'O. Si mutu wa Paris. Ni mutoto wa Burkina Faso, aliingia Côte d'Ivoire mu 1969 kutafuta kazi, sawa vile vijana wanakujaka Kolwezi leo. Akajifunza kushona kwa bafundi, na mu 1977 akafungua atelier yake Treichville, komine ya bantu wa kazi mu Abidjan. Mu 1987 alipata Ciseaux d'or, zawadi kubwa ya washonaji kule.

Namna yake ya kukata ni rahisi: shimizi pana, inaachwa inje ya suruali, koti hapana. Nguvu iko ku kitambaa. Anapenda pamba inayofumwa kwa mikono, faso dan fani ya Burkina, na kikwembe. Akaonyesha kama mukubwa anaweza kuingia biro na pamba ya kwao na akaheshimiwa. Abacost yetu ilikuja kwa amri ya Mobutu. Shimizi ya Pathé'O, bantu waliinunua kwa kupenda. Iyo tofauti si ndogo.

Lakini tusiishie ku sifa. Burkina inalima pamba mingi, na karibu yote inatoka inchi bila kufumwa. Mutu wa mugodi hana haja ya maelezo marefu: shaba na kobalti yetu inapita Kasumbalesa vile vile, batri inatengenezwa kwa wengine.

Mu 2019 Dior ya Paris ilionyesha nguo zake Marrakech. Vikwembe vilichapwa Abidjan, ku kiwanda Uniwax, na Pathé'O akaitwa kushona. Wengine waliona heshima tu. Mimi nafanya pia hesabu: jina ku nguo ni la Dior, na Uniwax ni ya Vlisco, kampuni ya Uholanzi. Ata hivyo, mushahara wa kuchapa ulilipwa Abidjan.

Kwetu, SOTEXKI ya Kisangani ilikuwa inachapa vikwembe. Leo nguvu yake imepunguka sana. Na kila tarehe 8 mwezi wa tatu, bamama wa mugodi wanavaa kikwembe cha kampuni. Mara ijayo, mbele ya kukipeleka kwa fundi wa kartie, bamama, muangalie maandishi ya ku ukingo, kisha muulize délégué wa sendika: kilichapiwa wapi?