Kabla Hujamwaga Bumu Kwenye Ampilifaya ya Zamani

Mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni, wiki ile ile bumu lilipoingia, nilinunua ampilifaya ya Kijapani kwa shilingi 180,000. Ilikuwa na uso wa rangi ya fedha, vitufe vizito vya chuma, na mishale miwili inayocheza kufuata muziki. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikaimba vizuri tu. Nikapanda nayo daladala nimeipakata kama mtoto. Jioni nikaichomeka kwenye soketi ya hosteli, wenzangu watatu wamekaa kitandani wanasubiri burudani. Ilinguruma sekunde chache, kisha ukatoka moshi. Wimbo hatukuusikia. Muhula ule nilikula wali maharage mpaka mama ntilie akawa ananipakulia kabla sijafungua mdomo.

Jina la kampuni iliyoitengeneza silitaji, maana kosa halikuwa lake. Nyuma ya mashine paliandikwa wazi: volti 100. Huo ndio umeme wa majumbani kule Japani. Wa kwetu ni volti 230. Dukani walikuwa wameiunganisha na transfoma ya kushushia umeme iliyowekwa chini ya meza, na mimi sikuinama kuangalia. Kibaya zaidi, fyuzi ambayo ingekatika na kuiokoa ilishatolewa siku nyingi, mahali pake pamefungwa kipande cha waya. Nikauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nikalibeba mwenyewe.

Nalikumbusha hili kwa sababu kila bumu likitoka, ubishi ule ule unarudi vyumbani. Kuna wanaosema ya kale ni dhahabu, kwa hiyo ukikuta Marantz, Sansui au Pioneer ya miaka ya 1970, lipa tu usiulize. Kuna wanaosema hayo ni mabati ya babu, nunua sabufa mpya yenye taa na bluetooth, maisha yaende. Msimamo wangu ni huu: mtambo mzuri wa zamani unamfaa mwanafunzi, ila unapaswa kulipia hali yake ya leo, si jina lake la zamani, na hela ya fundi iwe ndani ya hesabu kabla hujatoa hata shilingi.

Nianze na wale wa sabufa. Kwenye boksi la sabufa utakuta imeandikwa wati elfu kadhaa, na pembeni herufi PMPO. Wati hizo ni za kwenye boksi tu. Chomoa kifaa, soma nyuma yake umeme kinaokula: mara nyingi ni wati makumi tu, na kifaa hakiwezi kutoa mfululizo nguvu ambayo hakijaingiziwa. Mchezo huu haukuanza leo. Marekani ilibidi mamlaka ya biashara iweke kanuni mwaka 1974, kwamba kampuni ikitangaza wati za ampilifaya ya nyumbani itaje zile zinazotoka mfululizo. Ndiyo maana mashine nyingi nzuri za miaka ile zinasema ukweli. Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 270 kila upande, na ilikuwa inazitoa.

Lakini usikimbilie wati hata kwenye vya zamani. Ukizidisha nguvu mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Ampilifaya ya wati 40 na ya wati 80, kwa chumba cha hosteli, ni kitu kimoja. Ukiambiwa ulipe mara mbili kwa sababu ya wati, kataa.

Sasa wale wa dhahabu. Ni kweli vitu vya zamani vilivyobaki vinaonekana imara. Sababu moja ni kwamba vibovu vya enzi zile vilishatupwa, hatuvioni. Miaka ya 1970 ilikuwa na uchafu wake pia. Halafu hata kilicho bora kinazeeka. Kapasita kubwa za ndani zinakauka. Sponji inayozunguka wufa inaoza na kumomonyoka kama keki ya juzi, hata kama spika ilikaa kabatini bila kupigwa. Na ukikaa pwani kama sisi, chumvi na unyevu vinakula swichi na viungio. Kutu haiogopi jina la kampuni.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi, kwa mwenye hela ndogo. Cha kwanza, spika. Spika ya koili na koni tunayoitumia leo inafuata kanuni ile ile ambayo Rice na Kellogg walieleza mwaka 1925, na boksi zito la mbao lililotengenezwa vizuri halipitwi na wakati. Cha pili, ampilifaya, kwa sababu ni mashine ambayo fundi anaweza kuifungua akaona kila kitu. Cha mwisho kabisa, diski pleya na deki za kaseti: lenzi za leza zinachoka, mikanda ya raba inalegea, vipuri vyake ni shida, na simu yako inaifanya kazi hiyo bila kuchoka. Santuri usiziingie kama huna santuri zenyewe. Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 bado inaheshimiwa na madijei, lakini sindano tu inaweza kukumalizia hela ya kula.

Ukienda kununua, beba mita ya fundi, tochi, na wimbo mmoja unaoujua kama jina lako. Halafu usione aibu. Geuza mashine, soma volti. Zikiwa 100 au 120, uliza kama ina swichi ya kubadilishia. Kama haina, bei ya transfoma ya kushushia umeme ni sehemu ya bei yake. Omba fyuzi uione kwa macho. Kabla spika hazijaunganishwa, weka mita kwenye volti za DC, pima pale zinapofungwa nyaya za spika. Ikisoma milivolti 50 kushuka chini, sawa. Ikisoma volti nzima, ondoka, maana mashine hiyo itakuunguzia spika.

Kisha izungushe sauti taratibu. Ikikwaruza, si mwisho wa dunia, mara nyingi ni vumbi na inasafishika. Itumie tu kupunguzia bei. Upande mmoja ukipotea kabisa, badilisha nyaya za kushoto na kulia. Tatizo likihamia spika nyingine, ampilifaya ndiyo mgonjwa. Likibaki pale pale, spika ndiyo mgonjwa. Iache iimbe saa nzima. Muuzaji akikuharakisha, akisema kuna mteja mwingine yuko njiani, kumbuka kizuri chajiuza.

Kwa spika, vua kitambaa cha mbele. Gusa sponji kwa kidole. Ikiacha unga, imekwisha. Bonyeza koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua, na hiyo ni kazi kubwa. Pima waya zake kwa mita: spika ya omu 8 husoma kama omu 6 hivi. Isiposoma chochote, koili inaweza kuwa imekatika.

Nilijifunza haya yote kwa fundi aliyeifungua ile maiti yangu. Hakunicheka. Alinionyesha kile kipande cha waya kwenye nafasi ya fyuzi, akaniuliza swali moja: "Mdogo wangu, ulinunua nini hasa?" Sikuwa na jibu. Nilinunua mishale inayocheza.

Mwaka uliofuata nilirudi sokoni. Nilipata spika mbili za mbao kwa shilingi 60,000, sponji zimeoza zote, na muuzaji aliona ananitupia takataka. Raba mpya pamoja na kazi ya fundi vilinigharimu 45,000. Ampilifaya ndogo, isiyo na jina la kutambia mtu, yenye volti 230 nyuma, 70,000. Jumla 175,000, pungufu ya ule moshi wangu. Usiku wa kwanza tuliweka Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe kwa sauti ya chini, maana jirani alikuwa na mtihani. Mwenzangu mmoja, ambaye amekua na nyimbo hizo kwenye redio ya baba yake, akauliza gitaa la pili limetoka wapi. Lilikuwemo siku zote. Redio ya nyumbani haikuwahi kulitoa.

Najua wapo watakaosema mwanafunzi anayeishi kwa mkopo hana haki ya kuongelea ampilifaya. Nawaelewa. Kama hela ya chakula na ada haijatulia, usinunue, na makala hii ikae ikikusubiri. Ila hela hizi zinatumika tayari. Nimeziona zikiishia kwenye sabufa zinazokufa kabla ya mwaka kuisha. Sioni ubaya wa kumwambia mtu azitumie akiwa amefumbua macho.

Na kwa serikali yetu ya wanafunzi, nina ombi dogo. Tuna wenzetu wa uhandisi wa umeme wanaojua hesabu za saketi kuliko fundi yeyote wa mtaani, lakini wengi wao hawajawahi kufungua ampilifaya hata moja. Tuna wengine wanaopigwa kila muhula. Tupewe chumba kimoja chenye umeme wa uhakika, Jumamosi moja kwa mwezi, meza mbili na mita mbili. Mtu alete kitu chake kabla ya kumlipa muuzaji kiasi kilichobaki, kipimwe mbele yake. Ile ampilifaya yangu iliyoungua bado ninayo chini ya kitanda. Nitaitoa iwe ya kufanyia mazoezi.